Kufuata Majivu ya Lengai: Kumbukumbu za Safari ya Kupiga Picha Vinavyojitokeza

Jumatatu, Tarangire

Mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka majanini tulipopita geti. Nimekuja kaskazini mwa Tanzania mwezi huu wa Februari kwa kazi moja tu: kupiga picha za vitu vinavyojitokeza pale vilipo, vile ambavyo jicho huvikamata kabla hujaamua kuvitazama. Kutoka hapa tutashuka Bonde la Ufa hadi Ziwa Natron, tupande Loliondo, tuingie Serengeti kwa upande wa juu, kisha tuteremke kusini mpaka Ngorongoro. Ndani ya mzunguko huo umesimama mlima Ol Doinyo Lengai, na sehemu kubwa ya ardhi tutakayopita imefunikwa na majivu yake na ya volkano jirani zake. Nimeichagua njia hii kwa sababu naamini kinachojitokeza hutegemea usafi wa kinachokizunguka. Anayetaka picha ya namna hiyo atafute kwanza uwanda, mnyama atakuja.

Tarangire inanipinga tangu asubuhi. Msimu huu kila kitu kimeota. Mibuyu, ambayo kiangazi husimama mitupu na kuonekana toka mbali, sasa imevaa majani na kuchanganyika na miti mingine. Mtu akiwa hapa hapati shida: ana macho mawili yanayopima umbali, na akili yake inayaweka pembeni yale asiyoyataka. Kamera ina jicho moja. Tawi lililo nusu kilomita nyuma ya mnyama inalibandika kichwani mwake kama pembe.

Saa tatu hivi tulimkuta tembo dume ametoka kugaagaa topeni. Tumboni alikuwa mweusi kwa unyevu, mgongoni tope limeanza kukauka na kuwa la kijivu, na kati ya rangi hizo mbili kulikuwa na mstari unaokwenda juu na chini kufuata mikunjo ya ngozi. Amesimama mbele ya shina la mbuyu. Kwa mdomo ungesema ni picha kubwa: wakubwa wawili, mnyama na mti. Kwenye kioo cha kamera alipotea. Kijivu cha ngozi na kijivu cha gome vilikuwa vya mwanga uleule, na ukingo wa mgongo wake haukuonekana unaishia wapi.

Dereva wangu ni mzee aliyewabeba wapiga picha kwa miaka mingi. Hakuuliza kitu. Alirudisha gari nyuma taratibu, kama hatua kumi, mbuyu ukasogea kushoto na nyuma ya tembo ukafunguka uwazi wa nyasi zilizokuwa zinapigwa na jua.

"Mwanangu," akasema, "usimkimbilie mnyama. Tazama kwanza ana nini nyuma yake."

Nilipiga kwa lenzi ya milimita 400, upenyo (ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga) f/5.6. Watu wengi wanadhani upenyo mpana ndio unaotenganisha mnyama na nyuma yake. Upenyo unasaidia, ila umbali una nguvu kubwa zaidi: mnyama akiwa karibu nawe na nyasi zikiwa mbali naye, zinalainika zenyewe hata kwa upenyo wa wastani. Mnyama akiwa ameegemea kichaka, hata lenzi ya bei ghali haitamtoa.

Hifadhi hii ndiyo ya Omo, twiga mweupe ambaye habari zake zilienea mwaka 2016. Hakuwa zeruzeru. Alikuwa na hali iitwayo lusizimu, ambapo seli za ngozi hazitengenezi rangi lakini macho hubaki meusi kama ya twiga yeyote. Nimefikiria habari hiyo leo kwa muda mrefu. Mnyama wa namna hiyo kila kamera inamfuata, na kila adui anamwona. Jambo hilo litanirudia kabla safari haijaisha.

Jumanne, njiani kupitia Engaruka

Siku ya vumbi. Tumeacha lami Mto wa Mbu na kufuata ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea kaskazini, magofu ya mawe ya Engaruka yakiwa kushoto kwetu chini ya ukuta huo. Nilipiga picha chache, karibu zote mbovu, kwa sababu jua lilikuwa utosini. Digrii tatu hivi tu kusini mwa Ikweta, jua huchomoza likapanda wima, na mwanga mzuri wa asubuhi haudumu saa nzima.

Alasiri, baada ya mlima Kerimasi, Lengai ukajitokeza. Una mita 2,962, na kwa kuwa umesimama peke yake kwenye uwanda wa chini, macho hayana pa kwenda pengine. Kileleni ni mweupe, na mgeni hudhani ni theluji. Ni lava. Lengai ndio volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava za kawaida. Inatoka nyeusi, inatiririka kama mafuta machafu, kisha ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe baada ya saa au siku chache. Mlipuko mkubwa wa mwaka 2007 na 2008 ulimwaga majivu juu ya nchi hii yote.

Nimepiga mlima ukiwa mdogo kwenye fremu, chini kabisa, anga likiwa limechukua sehemu kubwa. Ukiujaza kwenye fremu unakuwa mlima kama milima mingine. Upweke wake unaonekana pale tu unapoonyesha nafasi iliyouzunguka.

Jumatano, Ziwa Natron

Tumeamka saa kumi ya alfajiri. Kutoka mahali pa gari hadi ukingoni mwa maji ni mwendo wa miguu juu ya tope lililokauka na kupasuka, na kadiri unavyosonga ndivyo magadi meupe yanavyoongezeka kwenye nyufa. Kijana wa kijijini anayetuongoza anajua wapi tope linabeba mtu na wapi linammeza. Nilikanyaga alipokanyaga.

Heroe wadogo, ndege waitwao pia flamingo, walikuwepo kwa maelfu. Ziwa hili ni la kina kifupi, chini ya mita tatu, maji yake ni makali ya magadi kiasi cha kuunguza ngozi ya viumbe wengi, na ndiyo sababu wao wanalipenda. Fisi na mbweha hawavuki magadi kwenda kuwafuata kwenye viota. Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki wameanguliwa hapa. Rangi yao inatoka kwenye chakula: viumbe wadogo wa majini wanaowachuja kwa midomo yao iliyopinda.

Hapa nilijifunza jambo ambalo nimekuwa nikilishuku kwa miaka. Wapiga picha tunaabudu mwanga wa dhahabu wa asubuhi. Kabla jua halijapanda juu ya mlima Gelai, upande wa mashariki, maji yalikuwa yanaakisi anga, yakiwa ya buluu iliyopoa, na heroe walikaa juu yake na waridi lao, kila mmoja akionekana mpaka kwenye unyoya. Jua lilipotokeza, tope likawa la machungwa, maji yakawa ya machungwa, na ndege wakazama humo. Uzuri uliongezeka, lakini mtengano uliondoka. Rangi ya joto hujitokeza juu ya rangi ya baridi. Ukipasha zote moto, umeifuta tofauti uliyoifuata. Picha zangu nzuri za leo ni za dakika zile za kabla ya jua.

Kuna mtego mwingine, nao uko ndani ya kamera. Mizani ya weupe, sehemu ya kamera inayosawazisha rangi, ikiachwa ijiamulie yenyewe, inapoona fremu imejaa waridi inadhani kuna kosa na kuanza kuliondoa. Nimeifunga kwenye alama ya jua na kuisahau. Kipima mwanga nacho kinadhani dunia yote kwa wastani ni ya kijivu cha kati. Kikikutana na ganda la magadi linalong'aa, kinapunguza mwanga mpaka magadi yawe kama saruji na ndege wawe wachafu. Niliongeza mwanga kwa hatua moja na theluthi (kila hatua huzidisha mwanga mara mbili), nikiwa natazama histogramu, grafu ya mwanga wa picha, isigonge ukuta wa kulia, yaani weupe usipitilize.

Halafu nikamwona. Katikati ya kundi, heroe mmoja wa kijivu, miguu ya kijivu, shingo kama jiti bichi lililochomwa moto. Alikuwa mtoto wa mwaka, rangi haijamwingia bado. Nimekuja ziwani kutafuta waridi juu ya buluu, na sasa waridi lenyewe limekuwa uwanda, na asiye na rangi ndiye anayeonekana. Nilipiga magoti topeni, kamera ikawa sawa na macho yake, nikangoja mpaka wenzake wamzunguke pande zote bila yeyote kumkinga. Walipoinama kula kwa pamoja, yeye aliinua shingo. Nilipata fremu tatu.

Mtalii mmoja upande wa pili alipiga makofi ili ndege waruke. Kijana wetu alimfuata na kumkanya kwa sauti ya chini, na alistahili kukanywa. Kundi lote likiruka, kila ndege anapoteza nguvu alizozitafuta tangu usiku, na picha inayopatikana ni mvurugo wa mabawa usio na kitu cha kushika jicho.

Alhamisi, kupanda Loliondo

Barabara siku nzima. Gari lilipanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona, ziwa likawa dogo chini yetu. Njiani tulisimama pale mchungaji mmoja alipokuwa na ng'ombe wake, shuka jekundu juu ya majani mabichi, na kila mtu anayejua kamera angejua kwa nini nilisimama. Mzee, dereva wangu, alishuka kwanza akamsalimu na kuniombea ruhusa. Mchungaji alifikiri, akasema yeye hapana, ila nimpigie picha ndama wake, mweupe pekee kwenye kundi la kahawia, na nimtumie kwenye simu. Alinishikia ndama mwenyewe, akiwa nje ya fremu. Picha nimemtumia kabla hatujaondoka.

Ijumaa, Serengeti, kwenye vilima vya mawe

Tumelala Lobo, na tangu alfajiri tunateremka kusini kupitia Seronera. Vilima vya mawe vya Serengeti ni migongo ya miamba ya kale sana, mikongwe kuliko volkano zote zilizo jirani. Ardhi laini iliyoizunguka imemomonyoka, na upande wa kusini majivu yakaja kufunika mabonde yaliyobaki. Mawe yakabaki yamechomoza kama visiwa. Mtini umeota kwenye ufa, pimbi wameota jua, mbuzi mawe amesimama kwa ncha za kwato zake.

Tatizo la simba ni kwamba ameumbwa asionekane. Tulimkuta jike amelala juu ya jiwe, na rangi yake na ya jiwe zilikuwa moja. Watu wa magari mengine walipiga picha haraka wakaondoka. Mzee alizima injini. "Atasimama," alisema, akanyoosha miguu.

Tulikaa saa mbili. Katika muda huo tulisogea mara moja tu, mita mbili labda, kwa sababu Mzee aliona kuwa akisimama, kichwa chake kitakatwa na ukingo wa jiwe la nyuma. Baada ya kusogea, nyuma ya mahali pale palikuwa pametupu, mbingu peke yake. Jike alipoinuka kujinyoosha, kichwa na mabega vikaingia kwenye anga la mawingu mepesi, na mstari wa shingo yake ukasomeka wote. Alijinyoosha, akapiga mwayo, akageuka, akalala tena na kuwa jiwe. Ukitaka kumtoa mnyama aliyejificha kwa rangi yake, mtafutie anga.

Jioni tulizungumzia kwa nini jicho hushikwa na kilicho tofauti. Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hedwig von Restorff, alionyesha kuwa watu wakipewa orodha ya vitu vinavyofanana na kimoja kisichofanana, hicho kimoja hukumbukwa zaidi. Nilimweleza Mzee. Akasema hata simba anajua: kwenye kundi la pundamilia anamtafuta anayechechemea.

Jumamosi, nyanda za kusini

Huu ndio uwanda nilioufuata. Kusini mwa Serengeti miti inakoma ghafla, na sababu iko chini ya miguu. Majivu ya volkano yana kalsiamu nyingi. Mvua huiyeyusha, ikaiteremsha, ikaigandisha chini kidogo ya udongo kuwa tabaka gumu. Mizizi ya mti haipiti. Nyasi fupi zinatosheka na udongo mchache wa juu. Kwa hiyo unapata kitu ambacho mpiga picha hupata kwa nadra: sakafu moja ya kijani mpaka mwisho wa macho, na chochote kinachosimama juu yake kinajitangaza.

Nyumbu wamejaa, na huu ndio wakati wa kuzaa. Ndama wanazaliwa karibu wote ndani ya wiki chache, wa rangi ya kahawia nyepesi, wakati mama zao ni weusi wa kijivu. Baada ya miezi miwili hivi wanaanza kugeuka. Kwa hiyo kila kundi sasa lina madoa mepesi yanayokimbia kati ya miguu myeusi. Ndama mmoja peke yake hakunipa picha; wako wengi mno. Nilichofanya ni kupunguza kasi ya shata hadi 1/30 ya sekunde na kumfuata mmoja kwa lenzi akikimbia kando ya mama yake. Kundi likayeyuka kuwa mistari, yeye akabaki na uso.

Mbuni dume alitusimamisha muda mrefu. Ni mweusi tii na mabawa meupe, hakuna mchana anaweza kujificha hapa. Jike ni wa kahawia ya vumbi. Ndiyo maana wanagawana zamu ya kulalia mayai: jike mchana, dume usiku. Rangi ileile inayomtangaza saa nne asubuhi inamficha saa nne usiku. Nimempiga kwa kupunguza mwanga hatua moja, kwa kuwa alijaza fremu, na kipima mwanga kilitaka kumfanya wa kijivu.

Kuanzia saa tano sikugusa lenzi ndefu. Ardhi ikipata joto, hewa juu yake inacheza, na mnyama wa mbali anakuwa kama ametazamwa kupitia maji yanayochemka. Hakuna fokasi wala tripodi inayotibu hilo. Sogea karibu kama njia inaruhusu, au subiri jioni. Ndani ya hifadhi haturuhusiwi kuacha njia, na sijaona picha yenye thamani ya kuliwekea uwanda huu alama za matairi.

Kifaru mweusi tulimwona leo pia. Sitaandika wapi. Nilizima alama ya mahali kwenye kamera tangu Tarangire, na kwenye simu vilevile, kwa sababu faili la picha hubeba saa na mahali bila mwenyewe kujua. Nimefuta hata fremu mbili zilizoonyesha kilima kinachotambulika nyuma yake. Mnyama huyu anajitokeza kuliko wote kwenye uwanda huu, na wapo watu wanaomtafuta kwa sababu hiyo hiyo. Hapa picha nzuri zaidi ni ile yenye uwanda usio na anwani.

Jumapili, Mchanga unaohama

Tumetoka Ndutu mapema, tukalipita bonde la Olduvai, na kaskazini yake kidogo tukafika kwenye kitu cheusi juu ya nyasi zilizopauka. Ni rundo la majivu ya Lengai lenye umbo la mwezi mwandamo, mita tisa hivi kwenda juu na kama mia kutoka pembe hadi pembe. Upepo wa mashariki unalisukuma: chembe zinapanda mgongoni taratibu, zinafika ukingoni, zinaporomoka upande wa mbele. Kwa namna hiyo linasafiri kuelekea magharibi karibu mita 17 kwa mwaka, pembe zake mbili zikitangulia. Zipo alama zinazoonyesha lilipokuwa miaka iliyopita, na umbali kati ya alama na rundo lenyewe unaonekana kwa macho.

Nilichota konzi ya mchanga pembeni na kuurusha juu. Haukutawanyika kama mchanga wa pwani; ulikwenda umeshikana na kuanguka umeshikana. Una chuma ndani yake. Mzee alitoa sumaku ndogo aliyoinunua kwa ajili ya wageni, akaipitisha chini, ikaota ndevu nyeusi.

Hii ilikuwa picha ngumu kuliko zote. Cheusi juu ya chepesi ni rahisi kwa jicho, lakini kamera ikipima weusi inauinua kuwa kijivu, na ikipima nyasi inaufunga weusi mpaka mikunjo ya upepo ipotee. Nilipima nyasi, nikapunguza theluthi mbili, nikapiga faili ghafi, ambalo kamera haijalichakata, ili niuinue weusi baadaye. Nilisubiri mpaka saa kumi jioni, jua liliposhuka upande wa magharibi na kuupiga uso wa mbele kwa mlalo. Hapo kila mkunjo ukapata kivuli chake. Hatukupanda juu. Unyayo mmoja kwenye ukingo ule ungekuwa ndicho kitu cha kwanza kuonekana.

Mwanzoni nilipiga nikiwa karibu, nikalijaza rundo kwenye fremu. Likawa ukuta mweusi. Nikarudi nyuma hatua mia mbili, kisha zaidi, mpaka likawa alama ndogo ya kalamu kwenye karatasi ya nyasi, na Lengai kwa mbali mashariki, mdogo vilevile. Chanzo na kilichotoka kwake, vyote viwili ndani ya fremu moja, na kati yao uwanda ambao mlima huo umechangia kuutandaza.

Mzee alitazama kwenye kioo cha kamera, akasema hii ndiyo ya kuchapisha, ile ya tembo ibaki kwenye simu. Tumekubaliana. Pale niliposimamisha tripodi nimeandika mwelekeo na urefu wa lenzi, 70 mm, na nimepiga picha ya mawe matatu yaliyopo ardhini ili nipatambue. Februari ijayo rundo litakuwa limesogea, mlima utakuwa palepale, na nataka fremu ileile.